Wa Ole

Miaka ishirini na tisa baba alining'inia mlangoni,
mguu mmoja garini, mmoja kwenye upepo,
akiviita vituo kwa majina yao:
Machomane, Gombani, Ole, Mchanga Mdogo, Konde.
Tangu enzi za chai maharage na mabenchi ya mbao
mpaka haya magari ya viti vya sponji.
Watu walimwita Shusha. Mbarouk walimsahau.

Alijua nani hushukia wapi na kuku wangapi,
nani anadaiwa nauli ya juzi,
nani akishuka hushika njia ya kushoto penye migomba
akazama majanini kama sindano kwenye ukili.
Asichokijua ni huko wanakozama.
Kwake kisiwa kilikuwa uzi wa lami
wenye mafundo. Kando ya mafundo, kijani tu.

Arubaini ya kuacha kazi ilipotimu
nilimlipia nauli, akapanda kama abiria.
Tuliposhuka Ole alisimama ukingoni mwa barabara
akalitazama gari mpaka likamaliza mlima,
mkono ungali juu, kiganja wazi,
kama mtu aliyesahau kupiga bodi.

"Haya," nikamwambia, "njia hii hapa."
Njia yenyewe upana wa mtu na ndoo yake,
udongo mwekundu, mizizi ya mikarafuu imetoka nje
kama mishipa ya mkono wa mchumaji.
Tukateremka. Viatu vyake vya kazini,
soli zilizolika upande mmoja tu,
viliteleza kila penye unyevu.
Harufu ya makonyo yaliyoanikwa jamvini
ilitufuata hadi kwenye kijito,
magogo mawili ya mnazi ndiyo daraja,
na ng'ambo bonde lote la mpunga,
mtu asiyeonekana akifukuza ndege kwa kopo.
Baba akazihesabu nyumba kwa kidole.
"Kumbe yule wa magunia anakaa mbali hivi!
Nami nikimharakisha: shuka, bibi, shuka!"

Penye njia panda tukapotea.
Nikatoa simu; mtandao hakuna.
Baba, kwa mazoea, akaweka kiganja mdomoni:
"Wa Oleeee!"
Sijui alikuwa akimwita nani.

Kopo likanyamaza.
Katikati ya mpunga akainuka mwanamke, Bi Time,
kanga kiunoni, tope hadi magotini.
Usoni hakumtazama. Aliinamisha kichwa
akausikiliza mwangwi mpaka ukaisha.
"Kumbe ndiwe!
Mimi gari sijalipanda tangu mguu unikatae.
Lakini kwa sauti hiyo ndipo nilipokuwa nikiteleka.
Ikipita ya kwanza, nawasha moto.
Ikipita ya pili, watoto waende skuli.
Mwezi huu wote uji wangu unaungua."

Baba akavua kofia, akaivaa tena.
Sauti yake ilikwisha kuiteremka njia hii
mara elfu kadhaa, peku,
bila yeye.

Bi Time alitupa mabungo mawili na maelekezo:
fuateni mfereji, mkifika jiwe la kunolea, pandeni.
Tukapanda kwa kupumzika pumzika.
Kila tuliposimama aligeuka nyuma,
akanong'ona kama anayejifunza kazi upya:
Jiwe la Kunolea.
Magogo Mawili.
Kwa Bi Time.

Gari la alasiri lilikuwa na utingo kijana,
ubani mdomoni, shati nje,
akiitaja Ole kwa mkato
kama mtu anayetema kokwa.
Baba alipanda, akakaa dirishani, akalipa kamili.
Chenji yake hakuihesabu.
Tulipoanza kuondoka akamgusa kijana begani.

"Vuta hiyo O, mwanangu.
Kuna mtu bondeni."